Kwa Nini Mtumishi Alicheka

Tulimwua Mtumishi wiki ya kwanza ya kazi, kabla hata hatujamjua ni mtu wa aina gani. Ujinga wa namna hiyo hufanywa na watu wa tamthilia maskini kama sisi. Tulipata ukumbi wa sherehe kwa siku mbili, ukumbi wenye nguzo nane na sakafu inayong'aa, kwa sababu siku ya tatu mafundi walikuwa wanakuja kuubomoa. Bosi, yaani mtayarishaji wetu, akaja mbio akanishika bega. "Dada'ngu, nguzo zile hatuzipati tena maishani. Niandikie mwisho. Mwisho wowote, mradi uwe na nguzo."

Nikaandika mwisho wenye nguzo. Adui anaingia ngomeni, Mtumishi ndiye aliyemfungulia lango, adui anamwambia, "Asante kwa funguo, msaliti," halafu anamchoma upanga. Mwongozaji akamwambia mzee aliyecheza Mtumishi, "Ukishachomwa, cheka."

"Nicheke kwa nini?" mzee akauliza.

"Wewe si msaliti? Wasaliti hucheka."

Mzee akafikiri kidogo, akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha chini kwa chini, kikaisha taratibu pamoja na pumzi yake. Tukapiga makofi, tukakunja nyaya, tukaondoka. Siku ya tatu ukumbi ukawa kifusi.

Tamthilia yenyewe iliitwa Ngome ya Moshi, na tafadhali usinicheke. Moshi ndio muujiza pekee tulioumudu, maana mashine yake tuliazima kwa wapiga muziki wa harusi. Joka letu halikuwahi kuonekana, lilisikika tu: ni mpiga picha anapumulia ndani ya ndoo. Tulifanyia kazi katika ghala lililokuwa la magodoro. Ukitundika pazia jekundu uko ikulu, ukitundika jeusi uko kuzimu, na fundi wa mavazi akifua mapazia yote mawili siku moja basi hakuna ikulu wala kuzimu, tunakaa tunasubiri yakauke. Watu hudhani mwandishi wa hadithi za ajabu anaota ndoto. Ndoto gani? Mimi niliandika nikiwa na orodha ya vitu vilivyopo stoo. Ukikosa joka unabaki na watu wawili chumbani, na watu wawili chumbani lazima wawe na la kuambiana.

Kiti cha enzi hatukuwa nacho. Kitanda tulikuwa nacho. Kwa hiyo nikaandika mfalme aliyerogwa, haponi wala hafi, amelala miaka mia moja, na mtumishi mmoja wa kumlisha, kumwogesha na kumgeuza. Lango la ngome likiwa limefungwa, mfalme anaishi. Likifunguliwa, ndiyo basi tena. Niliona nimetunga kitu kizuri kwa kitanda kimoja, na haki ya Mungu nilidhani nimekitoa kichwani.

Yule mzee wa Mtumishi tulimwita Karani, kwa kuwa alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini mpaka akastaafu. Hakuwahi kuigiza popote. Alikuja kumsindikiza mjukuu wake kwenye majaribio ya waigizaji, mjukuu akakosa, babu akapata, na nasikia yule binti alimnunia mwezi mzima. Karani alikuwa mtu wa maswali. Mtumishi analala upande gani wa kitanda? Ana ndugu? Mfalme akimtukana anajibu au anameza? Mimi nilijibu ovyo, yeye akaandika kwenye daftari. Siku moja, bila kuambiwa na mtu, kabla ya kumlisha mfalme alidondosha tone la mchuzi kwenye kifundo cha mkono wake kupima moto. Mchuzi wenyewe ulikuwa maji ya rangi. Wiki ile kipindi kilipotoka, wanawake sokoni wakaanza kumwamkia, "Mtumishi, pole na kazi."

Mama yangu naye alimpenda. Hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mama amelala mwaka wa sita sasa. Kiharusi kilichukua upande wa kushoto, kikamwachia kichwa kizima na ulimi mzima kuliko wangu. Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko, na meza ya jikoni ndiyo ofisi yangu. Nikishamwosha, nikambadilisha shuka, nikamnywesha uji, nikamgeuza, ninaandika mpaka wakati wa kumgeuza tena. Dada yangu mkubwa yuko mbali, hupiga simu kila mwisho wa mwezi kunisifu. "Mdogo wangu, Mungu atakulipa." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akikata simu nakaa naitazama ile simu, natamani niitumbukize kwenye ndoo ya nepi.

Kila Jumapili saa kumi jioni namwegemeza Mama kwenye mito mitatu, anatazama kazi yangu na kuichambua bila huruma. Mfalme hakumpenda hata kidogo. "Mtu gani anaumwa miaka mia na haoni haya?" alikuwa akisema. "Anadeka huyo! Ningekuwa mimi ningekwisha kufa zamani." Mimi nacheka naye, huku namnyooshea mito nisitazamane naye.

Maana nilikuwa na siri, na sitaizungusha: nilikuwa nimemchoka. Nilimpenda, nampenda, asije mtu akanielewa vibaya, lakini nilikuwa nimemchoka mpaka kwenye mifupa. Kitu nilichokiogopa kuliko vyote duniani ni yeye ajue. Mwenye miguu ukimwambia umemchoka, atafunga mizigo yake aende zake. Aliyelala ataenda wapi? Ataendelea kulala palepale, mikononi mwako, sasa akijua. Kwa hiyo miaka yote nilimwekea uso mkunjufu, na nikajisifu moyoni kwamba kwa uigizaji nimewazidi wote wa pale ghalani.

Basi tukafika sehemu ya ishirini na sita, ya mwisho. Bosi akatuita, akatuonyesha kile kifo tulichokipiga mwanzo. Tulikuwa tumekisahau. Tukamtazama Mtumishi wetu, yule aliyepima mchuzi kwa mkono wake, anaitwa msaliti na anacheka. Fundi wa mavazi akasema, "Loh! Huyu nani?" Na kweli, alikuwa mtu mwingine kabisa. Tulikuwa na kifo cha mtu tusiyemjua, na mtu tunayemjua hana kifo, na nguzo nane zimeshakuwa kokoto.

"Si tatizo," Bosi akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Amepewa dhahabu, akafungua lango. Mwandishi, nipe mistari kumi."

"Dhahabu ataipeleka wapi?" Karani akauliza. "Miaka mia hajatoka nje ya chumba kile."

"Basi amerogwa."

"Aliyerogwa hacheki vile."

"Basi tukikate hicho kicheko!" Bosi akafoka.

Mhariri akatikisa kichwa. Upanga na kicheko vilikuwa kwenye picha moja isiyokatika. Ukiondoa kicheko, Mtumishi hachomwi, na asipochomwa hatuna mwisho. Karani akafunga daftari lake. Akasema kwa adabu zote kwamba yeye ni mtu mzima, hakuja kugombana, lakini Mtumishi wa dhahabu hatamcheza. Wamtafute mwingine. Bosi akageuka akanitazama mimi. Kipindi kilikuwa kimeshatangazwa, kupigwa picha ni Alhamisi, na siku hiyo ni Jumatatu.

Mchana Karani alinikuta nimekaa nje ya ghala juu ya kreti za soda, nina kalamu na karatasi tupu. Akaketi kando yangu, akavua kofia.

"Mwandishi, nikuulize bila ubaya. Kwako kuna mgonjwa?"

"Umejuaje, mzee?"

"Sehemu ya pili uliandika kwamba Mtumishi anamgeuza mfalme kila baada ya saa mbili, mgongo usichubuke. Mtu asiyeuguza haandiki saa mbili. Angeandika 'anamhudumia', basi."

Nilijisikia kama mtu aliyekutwa bafuni mlango wazi. Miezi saba nimekaa naandika nyumba yangu, nikaivalisha joho, nikaipulizia moshi, nikadhani natumia tu kitanda kilichokuwepo stoo.

"Mimi nilimuuguza mke wangu miaka minne," Karani akaendelea. "Asubuhi aliyofariki nilimfunika, nikatoka nikaketi kwenye ngazi. Nikacheka. Sijui kilitoka wapi. Mkwe wangu akanikuta, akadhani nimechanganyikiwa, akanifunga mdomo kwa kiganja majirani wasisikie. Nilimpenda mke wangu, Mwandishi. Lakini nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeketi, na hakuna mtu wa kuniita. Mwongozaji aliponiambia cheka, kilichokuja ni kile. Mwaka wa kumi na moja huu nina aibu nacho."

Nikaelewa palepale. Mtumishi hakuuza ngome. Alichoka, akafungua lango ili yaishe. Kila kitu kilikaa mahali pake, na mimi nikaingiwa na hofu ambayo sijawahi kuipata kazini.

"Siwezi kuandika hivyo," nikasema. "Mama yangu anatazama."

"Ndiyo."

"Atanisikia mimi, mzee. Hatamsikia Mtumishi."

Karani akaizungusha kofia yake mikononi. "Basi andika dhahabu," akasema. "Nitaicheza. Kazi ni kazi, na mama ni mama. Sitakulaumu."

Wallahi nilimkasirikia! Angening'ang'aniza ningepata wa kumlaumu. Aliniachia mwenyewe, akainuka, akaenda kulala chini ya pazia la kuzimu.

Siku ya pili yake niliandika dhahabu. Niliiandika mara tatu mezani jikoni, na mara zote tatu Mtumishi aliongea kama mwizi wa kuku. Mama akaita kutoka chumbani, "Mwanangu, mbona unachana makaratasi hivyo?" Nikamwambia, "Kazi, Mama." Akasema, "Usimharibu Mtumishi wangu tu." Nikaweka kichwa mezani. Kisha nikachukua karatasi ya nne nikaandika ile nyingine, haraka, kwa hasira, na sikuisoma tena mpaka Alhamisi.

Alhamisi tulitundika pazia jekundu. Kijana mnene anayecheza mfalme akapanda kitandani. Huyo kila siku hulala usingizi wa kweli, na mikoromo yake imetuharibia picha nyingi. Karani akaketi ukingoni mwa kitanda, funguo mapajani, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza jikoni:

"Sikuchukii, bwana wangu. Huko uendako wakikuuliza, waambie hakunichukia. Miaka mia moja nimekugeuza, ubavu huu, ubavu huu. Mwanzoni nilikugeuza kwa mapenzi. Sijui ni siku gani nilianza kukugeuza kwa mikono tu. Nimeitafuta siku hiyo, siioni. Wewe hukukosa kitu. Mimi ndiye niliyekwisha. Nakwenda kufungua lango, kwa sababu nataka kuketi."

Siku hiyo mfalme hakukoroma. Fundi wa mavazi alitoka nje na hakurudi mpaka tulipokuwa tunakunja nyaya, na Bosi, ambaye ana neno juu ya kila kitu, alisema tu kwamba picha imepatikana.

Zikaja wiki mbili za kusubiri kipindi kitoke, na mimi nikawa natunga hila. Nimpeleke Mama kliniki siku hiyo? Kliniki gani inafunguliwa Jumapili? Nimwambie kipindi kimeahirishwa? Angempigia dada, na dada angemwambia ukweli kwa furaha kabisa. Jumapili yenyewe ilipofika, saa tisa na nusu, nilitoka nikazima swichi kuu ya umeme, nikarudi ndani na uso wa huzuni. "Mama, umeme umekatika."

"Ala! Leo?"

"Leo, Mama."

Tukakaa. Saa kumi kamili muziki wa Ngome ya Moshi ukapiga upande wa pili wa ukuta, kwa jirani, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Mama akasikiliza. Akanigeukia na nusu ya uso wake inayogeuka.

"Umekatika kwetu tu?"

"Labda fyuzi, Mama."

"Nenda kairudishe hiyo labda."

Nikaenda nikairudisha. Nilimwegemeza kwenye mito yake mitatu nikakaa nyuma ya kichwa chake, mahali asiponiona. Karani alipoketi ukingoni mwa kitanda nilitazama sakafu. Maneno yangu yakapita chumbani mle, yote, hakuna hata moja lililokosea njia. Halafu lango, halafu nguzo nane, halafu upanga, halafu kile kicheko. Mara hii hakikuwa cha msaliti. Ulisikia kabisa kwamba ni cha mtu aliyeketi.

Yakapita matangazo ya sabuni, yakapita ya rangi za nyumba.

"Tangu lini?" Mama akauliza hatimaye.

"Tangu lini nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Kulala nimelala, lakini sijawa mjinga. Umenichoka tangu lini?"

Nilitafuta uongo, na mimi ni mwandishi, nimezoea kuupata. Haukuja. "Mwaka wa tatu," nikasema. "Ulipoanguka kule bafuni."

"Miaka mitatu." Akatazama dari, midomo ikihesabu. "Umejitahidi."

"Mama, nisamehe."

"Nyamaza kwanza. Mimi kwa bibi yako ulikuwa mwezi wa pili."

Nilidhani sikusikia vizuri. Bibi aliugua mwaka mzima, na katika ukoo wetu mpaka leo ukitaka mfano wa mtoto aliyemuuguza mzazi unatajiwa mama yangu.

"Mwezi wa pili," akarudia. "Wakanisifu msibani, mmoja baada ya mwingine, nikawa natamani ardhi ipasuke nizame. Alikufa hajui. Nilimficha kila siku, na sasa ndiyo nafikiri hakuwa mjinga naye, alikuwa ananitazama tu vile nilivyokuwa nakutazama wewe ukiniletea ule uso wako wa kicheko. Unachosha uso ule. Mimi nami nimeuchoka."

Nikalia. Nililia kama nilivyolia darasa la kwanza, kwa kwikwi na kamasi, na yeye hakuniambia ninyamaze. Aliponiona nimepungua akasema, "Kesho asubuhi usije kuniosha. Lala."

"Utakaaje, Mama?"

"Nitanuka. Kunuka asubuhi moja hakujawahi kuua mtu."

Nilimjibu ndiyo, ndiyo, nikijua kwamba kesho saa kumi na mbili ataniita. Miaka sita hajakosa siku: huanza kwa kukohoa, halafu anaita, halafu anagonga ukuta kwa kikombe.

Niliamka jua likiwa limejaa chumbani. Saa ukutani ilikuwa saa nne na robo. Nyumba ilikuwa kimya. Nilikimbia bila viatu nikijua kabisa nitamkuta amekufa. Alikuwa macho. Shuka lilikuwa limelowa mpaka mgongoni, harufu imejaa chumba, midomo yake imekauka kwa kiu, na mkono wake mzima ulikuwa umekishika kile kikombe kwa nguvu kifuani ili kisigonge ukuta.

"Umelala vizuri?" akaniuliza.

"Nimelala, Mama," nikasema, nikaenda kuchemsha maji.